Sura ya kucheka

Jumanne jioni

Na mi njo nilimufundisha.

Leo ku hospitali ya Lilongwe nesi alionyesha Neema karatasi ya sura sita, kuanzia ya kucheka mpaka ya kulia, achague ile inaonyesha namna mukono wake wa kuungua unauma. Mutoto wangu akagusa ya kucheka. Nesi akaandika zero, akabadilisha bandeji bila dawa ya maumivu.

Ku njia ya kurudia ku kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka, nikamuuliza sababu gani.

"Mama, ulisema tusisumbue benye inchi."

Nyumbani nikachora zile sura na chaki yangu ya kushonea. Akagusa ya kulia. Kisha akauliza, "Na we, Mama?"

Tangu tulikimbia Bukavu hakuna mutu aliniuliza vile.

Nikagusa ya kucheka.