Tone la Mlangilangi Kwenye Karatasi

Ulikuwa pale mlangoni, shoga, ukajifanya unapanga makopo! Nilikuona.

Mnunuzi kadondosha mafuta ya mlangilangi kwenye karatasi mbele yetu sote. Yakiwa safi hukauka yakaisha. Haya yameacha doa, doa kubwa!

Na bosi, bila haya, akamnyooshea shangazi yangu kidole: "Mpikaji ni huyu. Kachanganya na mafuta ya kula."

Shangazi! Miaka kumi na tisa anachemsha maua yale, hata mto wake wa kulalia unanukia. Akasema tu, "Baba, mimi nilikukabidhi safi. Ufunguo wa stoo unao wewe." Bosi akacheka. Akacheka! "Bibi, vua aproni uende."

Hata yule fundi wa mitungi ya kuchemshia, bosi alimfukuza kwa uongo huohuo. Sijasahau. Siku ile pia ulitazama chini.

Safari hii simwachii. Nataka aumbuke mbele ya watu walewale.

Wewe ndiye unayeweka kichupa cha sampuli cha kila anachopika shangazi, kabla bosi hajakigusa. Mnunuzi bado yuko ofisini. Chukua kichupa cha Jumatatu, siku yalipopikwa mafuta haya, uje udondoshe tone kwenye karatasi mbele yake. Sasa hivi, shangazi anakunja aproni!