Mihogo ya Uani

Nairobi, 3 Februari 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Mguu wasemaje? Mimi sijambo, alhamdulillahi.

Ile mihogo uliyonipa nimeipima. Ni ugonjwa wa michirizi kahawia: majani yanapendeza, ndani pameoza. Usimpe mtu mbegu tena. Ng'oa yote, uchome kabla ya masika. Hapa maabara tunazihariri jeni za mihogo yako ya kibandameno. Jeni inayoufungulia ugonjwa mlango tunaizima, utamu unabaki ule ule. Masika ya mwakani nitakuletea vijiti vya kupanda.

Mwanao, Bushra

Majoreni, 20 Machi 2023

Mwanangu Bushra,

Marahaba. Sote wazima, mguu ndio huo huo.

Nimechoma, mpaka ile ya uani aliyopanda marehemu mamako. Nilikaa kitako nikalia, usinicheke. Watu waja kuniomba mbegu kama kila mwaka. Nawaambia ngojeni, binti yangu analeta isiyooza. Sasa wananiita bwana shamba!

Babako

Nairobi, 11 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumai mu wazima.

Naona haya kukuandikia. Mihogo imekubali, imenifika kiunoni, lakini imo ndani ya nyumba ya vioo. Kibali cha kutoa hata kijiti kimoja hatuna, na hakuna ajuaye kitatoka lini. Nilikuahidi kitu kisicho changu. Nisamehe, baba.

Mwanao, Bushra

Majoreni, 2 Aprili 2025

Mwanangu Bushra,

Marahaba. Hujambo? Afya yako?

Hasira ilinizuia kukujibu, na hasira yenyewe imenichosha. Tangu sijaoa ni mimi niliyekuwa nikiwapa watu mbegu. Juzi nimekwenda mimi kuomba, mlangoni kwa jirani yetu Bi Khamisa. Amenipa papo hapo, Mungu amjazi kheri. Ni ile ile niliyompa zamani, na ukiukata muhogo wake una michirizi. Nimeipanda vivyo hivyo. Ungeniambia tu kuwa hujui, mwanangu.

Kuna jambo sikukuandikia. Ile ya uani niliikata kabla sijaitia motoni, shina baada ya shina. Ndani ilikuwa nyeupe pe, haina hata doa. Lakini ulisema yote, na wewe ndiwe uliyesoma, nikaitia.

Idi Kubwa njoo nyumbani. Usilete kitu.

Babako