Kable ya Télesphore

Léonie uko wapi?? Soma hii mbio.

Ile entretien ya kazi, mahojiano ya kwa video yenye nilikuwa nangojea, imekufa. Télesphore ameiua. Ndugu ya bwana yangu mwenyewe!

Si unajua modem imechomekwa kwa computer yangu, na yeye anapata internet kwa kable, waya yenye inatoka kwa iyo computer, inapita kwa tundu la ukuta ya ubao mpaka chumba yake? Asubui nilimuomba: shemeji, leo usifungue kitu kwa internet. Akasema hakuna shida.

HAKUNA SHIDA!!

Niko naongea na ba patron ba iyo kazi, picha ikakwama. Nikasikia nyuma ya ubao: "Haleluya wapendwa, tuko live!"

Live, Léonie! Mahubiri yake ya kwa internet! Ba patron bakasema "asante madame", bakakata.

Nikaenda kwa mulango yake. Unajua alisema nini? "Kazi ya Mungu haingojee kazi ya mwanamuke." Mbele ya camera, batu bake bote banasikia! Kisha akaanza kuhubiri juu ya kugawana na jirani. Kugawana!! Na internet yangu!

Nilirudi kwangu, nikazima computer polepole. Yangu ikizimika, yake haipate kitu.

Mama mukwe alikuwa kwa salon ya nyumba, anamufuata live kwa simu, na internet ya simu yake. Télesphore akaganda pale kwa simu, mudomo wazi, macho juu.

Mama akaniuliza kwa sauti ya chini: "Umwiza binti yangu, Roho Mutakatifu amemushika?"

Nikamwambia: "Ndiyo mama, amemushika kabisa. Mutu asimuguse."