Si Fahali Aliyenivunja Mkono

Mpendwa Mama Kabula,

Barua hii sikuitia kwenye bahasha. Nitaibandika kwenye mlango wa ghala la pamba, pale watu wanaposubiri mizani, ili mwenye macho aisome na asiyejua kusoma asomewe. Wewe ulikuwa ukisema, "Baba Kabula hana siri, ana uongo tu." Basi leo nautoa nje.

Watu wa hapa wananijua. Mimi ndiye niliyempiga fisi ngumi akaenda kufia mbele. Mimi ndiye niliyebeba magunia mawili ya mtama, moja kila bega, kutoka Songwa mpaka nyumbani bila kutua. Na mimi ndiye niliyevunjwa mkono na fahali, nikamchinja siku ileile na nyama yake nikaila. Ya fisi ni kweli. Ya magunia ni kweli. Ya fahali ndiyo ninayoiandikia.

Unaukumbuka mwaka ule, kabla hatujahamishwa kuja kukaa kijijini. Barua ya chuo kikuu ilikuja kwa sanduku la posta la Mhindi wa duka, kule Shinyanga mjini, na Kabula akaifuata kwa miguu. Aliporudi hakunywa hata maji. Alichuchumaa karibu na kinu chako akafungua karatasi, akatusomea: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakaa bwenini, au atakaa mjini kwa ndugu? Mzazi achague, aweke sahihi.

Mimi sikuhitaji kufikiri. Nikasema, "Kwa Maige."

Maige ni mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa mfanyakazi wa reli Dar es Salaam na alipewa kota ya vyumba viwili. Nilikwisha mpelekea salamu kwamba mtoto anakuja. Bweni sikutaka kulisikia, maana bweni mimi nililijua. Nikiwa kijana, katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, tulilala wanaume arobaini chumba kimoja, tumepangwa kama dagaa wa Nkome kwenye mchanga. Jirani yangu wa kitanda, Msumbwa mmoja mpole, alichomwa kisu mchana kweupe kwa sababu ya godoro la majani. Nilimshika tumbo ili matumbo yasitoke. Hayakushikika. Nikamgeukia aliyemchoma, nikamgonga kichwa kwenye chuma cha kitanda mpaka watu sita wakanibandua. Wewe ulikuwa ukisema walikuwa wanne. Walikuwa sita. Kesho yake msimamizi akaniambia nihamie kitanda cha marehemu, kwa kuwa kilikuwa karibu na dirisha. Nikahamia. Basi niliposikia binti yangu atalala bwenini, mimi niliona kile kitanda.

Lakini habari ya kitanda sikukwambia. Nilisema tu, "Kwa Maige."

"Mtoto hatalala kwa Maige," ulisema, na hukuacha kutwanga.

"Kwa nini?"

"Hatalala."

"Mama Kabula, hapa nani amemuoa nani?"

"Wewe umenioa mimi. Kabula hujamuoa."

Kabula akacheka. Ubaya wote ulianzia hapo, maana kuchekwa mimi sikuzoea. Nilikipiga kinu teke, mtama ukamwagika, kuku wakaja mbio. Nikachukua fimbo yangu ya kuchungia. Ya kwanza ilimpata Kabula begani. Ya pili ilimpasua juu ya nyusi. Damu ilianza kumdondoka, naye akainua mikono. Nilidhani anajikinga. Kumbe alikuwa anaiinua ile karatasi isilowe.

Ya tatu haikufika. Mchi wako ulishuka juu ya mkono wangu wa kulia, na mimi niliusikia mfupa kabla sijasikia uchungu. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Fimbo ikaanguka mbali. Nikakutazama. Ulikuwa umesimama umeushika mchi kwa mikono miwili, kifua kinapanda na kushuka, na uso ule sikuwa nimeuona tangu nikuoe.

"Nyanyua na wa pili," ulisema. "Nyanyua, Baba Kabula. Mchi ninao, na mtama umekwisha mwagika, sina kazi nyingine."

Sikunyanyua. Mimi niliyepiga fisi, sikunyanyua.

Ndipo ulipomtaja Minza. Wasomaji wa ghalani wajue, Minza ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alikaa kwa Maige miaka miwili ili asome shule ya mjini, akarudi kabla hajamaliza, kimya, hataki mtu amkaribie kwa nyuma.

"Mimi ndiye niliyemwogesha aliporudi," ulisema. "Mgongo wake wote una alama za waya wa pasi. Kiganja kilibandikwa kwenye jiko la mkaa kwa sababu wali uliungua. Ulimuuliza?"

"Alisema alianguka."

"Nimekuuliza wewe. Ulimuuliza?"

Hapa nataka watu wasome polepole. Sikumuuliza kwa sababu nilijua. Nilikiona kile kiganja siku aliyonisalimia. Mtu aliyeanguka jikoni hachomeki katikati ya kiganja peke yake. Niliona, nikasema pole, nikatoka nje kutazama ng'ombe. Maige alikuwa mdogo wangu, na mimi nilikuwa mtu wa kujisifia ndugu aliye Dar. Na bado nikataka kumpeleka Kabula palepale.

Majirani walikuwa wameanza kusikia. Wewe hukupoteza muda. Ulikishika kidole gumba changu cha kushoto, ukakisugua kwenye masizi ya chungu, ukamwambia Kabula, "Ni wapi?" Kabula akaonyesha mahali pa bweni. Ukakikandamiza pale. Mimi niliangalia tu kama mtu anayenyolewa. Karatasi ilikuwa na tone moja la damu pembeni, na alama yangu ya masizi katikati.

"Kuna nini kwa Luhende?" wakaita jina langu nje ya ua.

"Fahali!" ukajibu. "Amemrusha Baba Kabula, amemvunja mkono!"

"Na mtoto? Mbona uso?"

"Alikwenda kumwokoa baba yake."

Yaani uongo ule si wangu, ni wako, na ulinipa mimi kama mtu anavyompa mwenzake nguo mbele za watu. Mimi nikauvaa. Tena nikauongezea marinda. Yule fahali mwekundu tuliyemwita Bwana Shauri alikuwa amesimama zizini anacheua, mpole, hajawahi kumtisha hata ndama. Nikapiga kelele auawe. Ningemwacha hai, watu wangekuja kumtazama na wangeuona upole wake. Walimwangusha kwa shoka na alichukua muda mrefu kufa. Aliwatazama tu. Nyama yake ikawa karamu ya kumuaga Kabula, pembe nikazitundika ukutani, na tangu hapo hakuna mgeni aliyekunywa uji kwangu bila kusikia habari zake.

Mganga wa mifupa alinifunga mabanzi akasema, "Umevunjika vizuri, utaunga vizuri." Kumbuka maneno hayo.

Nikamsindikiza Kabula kwa treni, yeye na sanduku lake la bati, mimi na mkono wangu kifuani. Siku mbili zote hakunisemesha zaidi ya shikamoo. Tuliposhuka Dar, Maige alikuwa pale stesheni, amevaa sare ya reli, anang'aa.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba."

"Pole na mkono."

"Fahali."

"Karibuni sana. Mke wangu amejifungua juzi, nyumba imetulemea. Kabula amekuja wakati mzuri."

"Kabula amekuja kusoma. Atakaa bweni."

"Bweni la nini, kaka, na mimi nipo? Atasoma, kazi zikiisha."

"Minza alianguka wapi?" nikamuuliza.

Akacheka, Mama Kabula. Akanigusa bega kindugu. "Kaka nawe! Fimbo mimi nilijifunza kwako. Umesahau ulivyokuwa unanichapa nikipoteza ndama?"

Sikusahau. Nilimpiga kichwa cha pua akakaa chini. Nikampiga kwa mkono uleule wenye mabanzi, juu ya sikio, mara nyingi, mpaka mabanzi yakapasuka na mfupa ukaachana tena, nami naendelea. Meno yake mawili yalibaki kwenye kokoto za reli. Damu ilimtoka sikioni, na sikio hilo halikusikia tena mpaka alipokufa. Abiria walikimbia na mizigo yao. Nilimsikia Kabula analia, "Baba, basi! Baba, unamuua!" Siku zote husimulia kwamba nilipigana na watu wa reli kumi. Hapana. Nilimpiga mtu mmoja aliyekaa chini, na ni mdogo wangu, na nilikuwa nampiga kwa kusema kweli.

Askari walinikamata wawili. Kabula akajifunga kitenge kichwani, akajitwika sanduku. "Baba," akasema, "mimi nakwenda. Nikichelewa kitanda atapewa mwingine." Akaondoka peke yake katika mji asioujua, na ile alama ya fimbo bado haijapona.

Nilikaa mahabusu siku tatu. Waliponiachia, nikauliza njia mpaka chuoni, nikafika kwenye geti la bweni la wasichana. Mlinzi alikuwa mzee kama mimi, mfupi, ana rungu.

"Wanaume mwisho hapa."

"Mimi ni baba yake."

"Baba ni mwanamume."

"Unanijua mimi? Mimi nimempiga fisi ngumi akafa."

"Hapa hatuna fisi, mzee. Kaa kwenye benchi."

"Na akija mtu aitwaye Maige?"

"Atakaa kwenye benchi."

Nikakaa. Mama Kabula, sikuwahi kumpenda mtu niliyegombana naye kama nilivyompenda yule mlinzi. Kabula alipokuja alisimama ndani ya geti, mimi nje.

"Kitanda unacho?"

"Ninacho."

"Mlango?"

"Una ufunguo."

"Anao nani?"

"Mimi, baba."

Basi nikarudi kwenye treni.

Nilipofika nyumbani hukunisalimia kwanza. Ulisimama mlangoni ukauliza, "Umekiona kitanda chake?"

Ningesemaje? Kwamba baba mzima nimeishia kwenye benchi? "Nimekiona," nikasema. "Kipana kama cha askofu. Shuka nyeupe, mto wa manyoya. Nimekilalia mwenyewe kukipima." Na nikawasimulia wageni miaka yote, pembe kwanza, kitanda baadaye.

Masika haya ulipotutoka, nilifungua sanduku lako nigawe nguo. Chini ya vitenge kulikuwa na barua iliyokunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Sasa najua kusoma, unajua, nilimaliza kisomo cha watu wazima, na nilikuwa wa kwanza darasani. Wa pili, kama ulivyokuwa ukisema. Ilikuwa ya Kabula, ya mwezi ule alioondoka, na pembeni mwalimu wa shule yetu aliandika kwamba amekusomea.

"Mama, usimwambie baba kwamba nimekuandikia haya. Alikuja akaishia getini, kitanda hakukiona. Ni cha chuma, chembamba, na blanketi la kijivu. Mto sina, nakunja kanga. Ufunguo naulalia shingoni. Nalala vizuri, mama. Mkono wake umevunjika tena, mbembeleze aende kwa mganga."

Kumbe ulijua. Kila nilipoanza habari ya kitanda mbele ya wageni, uliinama ukachochea moto. Na nikirukia mambo mengine, ulikuwa ukisema kutoka kule mekoni, "Na mto, Baba Kabula. Umesahau mto." Mimi nilidhani unajivunia.

Kabula alikuja msibani. Niliitazama ile alama juu ya nyusi, nikatafuta neno. Nikamwambia nywele zake zimeanza mvi. Akasema, "Ndiyo, baba." Atapita ghalani kabla hajarudi kazini kwake. Naye asome.

Watakaoona mwandiko wangu umelala upande, wasiseme ni uzee, wala wasikusingizie wewe. Ulipouvunja wewe mkono huu ulikuwa unaunga vizuri. Aliyeupinda ni mimi.

Pembe nimezitoa ukutani. Mchi wako nimeutundika pale, na mgeni akiuliza nitamwambia. Minza nilimwendea juzi kwa mumewe. Nilimuuliza nilichopaswa kumuuliza wakati ule, naye alinijibu mpaka jua likageuka, na sikutoka nje kutazama ng'ombe.

Wabeja, Mama Kabula, asante. Wabeja kwa mchi. Lala na ufunguo wako. Mimi nipo huku nje, kwenye benchi.

Mume wako,
Baba Kabula