Chama cha Mume Wangu Kimezikwa Leo

Korogwe, Jumapili jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na mbavu zinaniuma kwa kicheko nilichokizuia.

Leo mume wangu amezindua chama chake. Alijitoa kwenye chama kikubwa walipomnyima uenyekiti, ndipo akagundua kwamba wenzake wana siasa kali. Chake ni cha katikati: uhuru uje, lakini polepole, Mwingereza asiudhike, mwenye duka asiudhike, mkulima naye asiudhike. Kina wanachama tisa. Watatu ni ndugu zake kutoka Handeni, waliofuata pilau.

Mimi nilipaswa kuwa wa kumi. Wiki nzima amenisihi nipande jukwaani nichane kadi yangu ya chama kikubwa mbele ya watu. Kadi hiyo niliichukua kabla yeye hajachukua yake, nikapita Kilole nyumba kwa nyumba kuwashawishi wanawake wenzangu. Sikumkubalia, sikumkatalia. Niliogopa, nakiri.

Akawaalika wakata mkonge wa shamba la Mnyuzi. Walipofika zaidi ya mia, akanifinya mkono kwa furaha. Mzigua mzima amesahau kwamba wale ni Wanyamwezi, watani wake! Na mkewe mwenyewe ni Mnyamwezi, binti wa mkata mkonge wa huko huko Mnyuzi.

Hakumaliza hata salamu. Wakaleta mzigo wa majani ya mkonge uliovikwa sanda, wakaulaza mbele ya jukwaa, wakaangua kilio.

"Maskini chama cha shemeji, kimekufa hakijaota meno!"

"Kizikeni polepole, mwenyewe hapendi haraka!"

Mtani hakasirikiwi, basi akasimama anatabasamu huku jasho linamtoka. Kisha akaniita: "Mama Rehema, njoo na kadi."

Nilikwenda. Nikapita jukwaa, nikaketi chini na wafiwa, nikajitanda khanga, nikalia kuliko wote.

Tulirudi nyumbani pamoja. Mlango ulipofungwa akasema, "Umenivua nguo."

Watani mia aliwavumilia. Mtani mmoja aliyemwoa ndiye aliyemshinda.

Namdharau. Pia namwonea huruma, na huruma hiyo inaniudhi zaidi.

Amesema nichague kabla ya kesho jioni: kadi au ndoa. Kwa uhuru wa nchi ana subira ya miaka, kwangu ana siku moja.

Nimeshafunga nguo zangu na za Rehema. Gari la moshi la Mnyuzi linapita asubuhi.