Nimeviacha Vichujio Ndani ya Plastiki, Sasa Mpwa Wangu Anaitwa Mwongo

Dada mshauri, salamu nyingi, nisaidie kabla sijaadhirika, mimi ni msimamizi wa jengo la ofisi la ghorofa nne hapa Gulberg, Lahore, na si kujisifu, ila bila mimi lingeshalala chini, maana mashine yake ya hewa ilipokata mkanda niliifunga kwa kamba ya shalwari, suruali yangu pana, ikazunguka kutwa nzima, mimi nimeshikilia nguo kwa mkono, muulize yeyote.

Msimu huu moshi wa jiji uliposhuka mpaka jua likawa kama yai viza, mwenye jengo, Haji Toqir, akanituma vichujio vya hewa, nami sikutaka vya watu wadogo, nikamwambia muuzaji, "Nipe kizito kuliko vyote, kinachochuja hata nia mbaya." Akauliza, "Feni yenu ina nguvu kiasi gani, mzee?" Nikamjibu, "Inapeperusha nyati!" Basi nikavileta, vyeupe, kila kimoja ndani ya plastiki yake, na wewe ni mtu wa hapa, dada, unajua kitu kipya hakivuliwi plastiki ovyo, sofa yangu inayo tangu harusi, rimoti vilevile, nikavitia kwenye mashine hivyohivyo visichafuke.

Kila Jumatatu nawapandisha wapangaji kwenye chumba cha mashine, nawaambia, "Nje watu wanatema masizi, kichujio changu cheupe kama maziwa!" Wanapiga makofi.

Shida ni Sumbal, binti wa dada yangu, ana pumu, anapokea simu za wateja ghorofa ya tatu, anakohoa mpaka wateja wanakata, na bosi wake, Bi Farkhanda, kamwambia, "Hewa ya humu ni safi, mjomba wako katuonyesha. Wewe unatafuta likizo." Kampa mpaka Ijumaa, aache kikohozi au aache kazi. Akanijia, "Mjomba, niambie kweli, hewa ni safi?" Nikamwambia anywe maji moto na asali. Baadaye nikapitisha mkono kwenye mashine, dada, upepo wote unapita pembeni mwa fremu, kwenye plastiki hakuna hata pumzi.

Nikizivua hizo plastiki, vichujio vitakuwa vyeusi, wapangaji watauliza, na jina langu limekwisha. Je, siwezi kusema tu pumu ni ya ukoo wa baba yake?

Mjomba wa Gulberg

MSHAURI ANAJIBU

Hapana, mjomba, huwezi. Uwaache akina baba yake wapumzike.

Nakuonea huruma, kweli. Hata mimi nina friji yenye plastiki mlangoni. Lakini friji haivuti hewa! Kichujio kazi yake ni kuchafuka. Kikikaa cheupe Lahore, mwezi kama huu, ujue uchafu wote umepita kwenda vifuani mwa watu, nawe umewaita waje kupiga makofi.

Tena vua plastiki leo, lakini usidhani umemaliza. Kizito kuliko vyote kwenye feni kuukuu kitaikaba, hewa itafifia, na watu watafungua madirisha wakaribishe moshi ndani. Soma kibao cha mashine kinachoonyesha nguvu ya feni, rudi kwa yule muuzaji, na safari hii mjibu swali lake bila nyati. Chukua kichujio bora ambacho feni yako inaweza kukisukumia hewa, utangulize chepesi cha kunasa vumbi kubwa, na uzibe kila upenyo kwenye fremu. Kikijaa, badilisha. Usikioshe, usikianike.

Hayo ni ya mashine. Sasa ya mtoto. Alikuuliza swali moja, ukampa asali! Wewe unaogopa kuchekwa, yeye anakosa pumzi na kazi kwa pamoja, kwa ushahidi wako. Usingoje Ijumaa. Panda ghorofa ya tatu ukiwa na plastiki mkononi, msimamishe Sumbal kando yako, umwambie Bi Farkhanda mbele ya wote: "Huyu anasema kweli. Mwongo ni mimi."

Kisha nyamaza. Usiongeze kisa.