Nyanya Yangu Inafanana na Chapati

Jumatano. Baridi ya Julai, mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi, na mimi siwezi kutulia.

Nimefagia chumba mara mbili. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Kila nikikaa nafungua simu, naiangalia ile nyanya, naifunga.

Kwa mliokuja kwenye ukurasa huu juzi: najifunza kuchora kwa simu, ile michoro ya vimraba vidogo vidogo kama ya magemu ya zamani. Kuna dada mmoja wa Makumira anatengeneza gemu ya soko. Aliona nyumba niliyochora, akaisifu, lakini akasema gemu yake imejaa matunda na mboga, vitu vya mviringo. Akanipa mtihani: nyanya moja, mwisho leo saa kumi jioni. Ikionekana ya mviringo kweli, soko zima nachora mimi. La sivyo, anampa mwingine.

Mimi niliishia kidato cha pili. Tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kunipa mtihani.

Jana nilichora kutwa. Niliweka nyanya ya kweli sakafuni, chini ya lile bati letu moja linalopitisha mwanga, nikambeba mwanangu Upendo mgongoni, nikasimama, nikachora nilichokiona. Mwanga katikati. Giza pembeni, kuizunguka yote. Haikutokeza, nikaongeza giza. Kadiri nilivyoongeza, ndivyo ilivyozidi kulala bapa.

Leo saa sita Mama Zubeda, jirani yangu anayeuza nyanya sokoni Kwa Mrombo, akaingia kuomba kiberiti. Akachungulia simu.

"Mama Upendo, hii chapati mbona imeungua pembeni?"

Nikaona aibu, nikamwonyesha nyanya pale sakafuni. Nikamwambia ndivyo ilivyo, njoo usimame hapa uone. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Unaitazama kwa juu kama mwewe! Kwani mteja wangu anapaa? Mteja anasimama mbele ya meza, bibi wewe. Mimi nikipanga fungu, nageuza shavu zuri limtazame yeye."

Akaiokota, akaiweka kwenye kigoda karibu na mlango, akaondoka na kiberiti changu.

Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya baridi, macho usawa wa kigoda. Upendo akadhani ni mchezo, naye akalala pembeni yangu.

Nikaona.

Mwanga ulikuwa umeshika bega moja tu, la upande wa mlango. Kutoka hapo ulipungua taratibu, ukizunguka, mpaka chini upande wa pili. Na kivuli chenyewe hakikuwa cheusi, kilikuwa rangi ya maharage yaliyoiva. Halafu chini kabisa, inapogusana na mbao, kulikuwa na wekundu kidogo umerudi, kama vile kigoda kinaiazimisha mwanga.

Nilifuta kazi ya jana yote. Iliniuma, nakiri. Nikaanza upya na rangi tano tu, bega kwanza, kisha nikashuka nayo. Nilikuwa bado sijafika chini Upendo alipoinyakua nyanya na kuing'ata. Ule wekundu wa mwisho nimeuchora kwa kukumbuka, mtoto ana mbegu mpaka kwenye nyusi.

Nimetuma ikiwa imebaki kidogo saa kumi igonge.

Dada ameiona. Hajajibu.

Naogopa. Kazi naitaka, sifichi, lakini zaidi naogopa kuambiwa kwamba hata leo sikuona vizuri. Kwa sababu sasa siwezi kuacha kuona. Sufuria ina bega la mwanga. Ndoo inalo. Shavu la Upendo linalo, na chini ya kidevu kuna ule mwanga wa kuazima, kutoka kwenye sweta lake la njano. Mwaka mzima na nusu nimembusu pale na sikuwahi kuuona.

Akinikataa, hivi nitaweza kurudi kuona vitu vikiwa bapa?

Simu imelia, nimeidaka. Ni Mama Zubeda, anauliza chapati imeiva? Nimemjibu imeanza kuumuka.

Dada bado kimya. Nimeweka kitunguu kwenye kigoda, hicho mtoto hatakiuma. Nikageuka kuchukua simu, nikamkuta Upendo ameshalala kifudifudi, ananisubiri.